Rejeta Inayovuja: Maneno kwa Madereva na Mafundi

(Mazungumzo yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi. Yamechapwa hapa kwa faida ya wale waliokuwa safarini au kazini siku hiyo.)



Halmashauri imetuomba tuseme habari ya rejeta inayovuja katika gari kuukuu. Tunajua kwamba wengine wenu mlipoliona tangazo ubaoni mlicheka, mkauliza, "Je, chama chetu sasa kimekuwa gereji?" La, hakikuwa gereji. Lakini mashauri yanayoletwa mbele yetu si ya mshahara peke yake. Huja dereva aliyekatwa pesa kwa sababu injini imekufa njiani. Huja tanboi aliyeungua uso na mikono kwa maji ya moto. Huja fundi ambaye tumbo linamsumbua, naye hajui kwamba ni ile risasi anayoiyeyusha kila siku. Mambo hayo matatu yana chanzo kimoja, nacho ni tundu dogo lisilopita kichwa cha sindano. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi leo tutazungumza juu ya ufa.

REJETA INAVYOFANYA KAZI

Kwanza tuelewane. Tunaposema gari kuukuu tuna maana ya Land Rover za zamani, Peugeot 504, malori ya Bedford na mengine ya namna hiyo ambayo bado yanafanya kazi mashambani na katika migodi ya mawe. Rejeta zake ni za shaba nyeupe na shaba nyekundu. Kuna tangi la juu na tangi la chini, na katikati kuna mirija myembamba iliyopangwa safu safu, na mabati membamba ya kutawanya joto. Yote yameunganishwa kwa lehemu, yaani risasi iliyochanganywa na bati. Maji ya moto hutoka juu ya injini, huingia tangi la juu, hushuka katika mirija huku yakipozwa na upepo wa feni, kisha pampu huyavuta kutoka chini na kuyarudisha katika injini.

Kifuniko cha rejeta si kifuniko cha sufuria. Kina springi ndani, na kazi yake ni kushika mkazo. Maji yaliyo wazi huchemka kwa digrii 100 kule Mombasa. Hapa Nairobi, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, huchemka kwa digrii 94. Ukipanda Timboroa, kunakopita mita 2,700, huchemka kwa digrii 91 tu. Lakini ukifunga kifuniko cha ratili 7 kwa inchi ya mraba, maji hapa Nairobi hayatachemka mpaka yafike karibu digrii 107. Na cha ratili 13, karibu digrii 115. Kwa hiyo rejeta yenye tundu hupoteza vitu viwili kwa pamoja: hupoteza maji, na hupoteza mkazo unaoyazuia maji yasichemke. Ndiyo maana gari linalovuja kidogo huenda vizuri Mombasa hadi Voi, likachemka linapopanda.

Tena tuonye hapa. Wako watu wanaonunua kifuniko cho chote dukani mradi kinaingia. Rejeta iliyotengenezwa kwa ratili 7 ukiipa kifuniko cha ratili 15, utafungua viungo vyake mwenyewe. Soma namba iliyopigwa juu ya kifuniko cha kwanza, ununue kilicho sawa.

KUTAFUTA PANAPOVUJA

Si kila tone chini ya gari latoka katika rejeta. Kabla ya kuilaumu, tazama haya. Tazama mipira ya maji ya juu na ya chini, na klipu zake; mpira uliolegea au uliopasuka ni kazi ya dakika kumi. Tazama chini ya pampu ya maji. Kuna kitundu kidogo pale, na kikidondosha maji maana yake sili ya pampu imekwisha. Tazama bomba la kumwagia maji chini ya rejeta. Tazama mipira ya hita, ikiwa gari lina hita.

Njia rahisi ni hii. Usiku, gari likiwa limepoa, ipanguse rejeta mpaka ikauke, kisha weka kipande cha kadibodi chini yake. Asubuhi utaona tone limeanguka wapi. Ukikuta kadibodi ni kavu, usifurahi bado. Viko vitundu vinavyovuja wakati wa mkazo tu, injini ikiwa moto. Hivyo utavijua kwa doa: maji hukauka na kuacha alama nyeupe, au ya kijani, au ya rangi ya kutu, nayo alama huanzia pale penye tundu na kushuka chini.

Kama maji yapungua na hakuna doa mahali po pote, fikiri mengine. Likiwa baridi, fungua kifuniko, washa injini, utazame. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma, au oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au ekzosi ikitoa moshi mweupe mwingi hata baada ya injini kupata moto, basi gasketi ya silinda hedi imeungua. Hapo ukiichomelea rejeta mara kumi utakuwa umepoteza pesa bure.

MSHALE UKIPANDA NJIANI

Sasa tuje kwa dereva aliye peke yake barabarani. Mshale wa joto ukianza kupanda, usiseme, "Nitafika pale mbele." Kama gari lina hita, ifungue yote kwa moto, kwa sababu hita nayo ni rejeta ndogo. Tafuta mahali pa usalama, simama, zima injini, weka alama zako za barabarani.

Jihadharini na jambo moja ambalo limewadanganya madereva wazoefu. Mshale ukipanda sana, kisha ukashuka wenyewe ghafula bila sababu, usidhani gari limepoa. Huenda maji yamekwisha kabisa, na kile kipimo kimebaki hewani ambapo hakipimi kitu. Injini nyingi zimekufa wakati mshale unaonyesha kwamba mambo ni mazuri.

Ukisha kusimama, usikifungue kifuniko. Tunarudia, usikifungue. Maji ndani yamepita digrii 100 na yamefungwa kwa mkazo. Ukiuondoa mkazo ule, yatageuka mvuke mara moja na kukurukia. Tanboi wetu tuliyemtaja aliambiwa na mtu aliye na haraka, "Fungua tuongeze maji twende." Alitumia kitambaa, na kitambaa hakikumsaidia. Ngoja nusu saa, au zaidi kama lori ni kubwa. Ushike mpira wa juu: ukiwa bado ni mgumu na wa moto, mkazo bado upo. Ukilainika na kupoa, funika kifuniko kwa kitambaa kizito, geuza uso wako pembeni, kizungushe mpaka kituo cha kwanza, ungoje mpaka sauti ya pumzi iishe, ndipo ukiondoe. Na katika magari yenye feni ya umeme, usiweke mkono karibu na feni hata injini ikiwa imezimwa, maana yaweza kuanza yenyewe.

Pia usimwage maji baridi katika injini iliyo moto sana. Chuma kilicho moto kikipata baridi ghafula hupasuka. Ngoja ipoe, kisha washa injini, na utie maji kidogo kidogo huku injini ikizunguka polepole.

DAWA ZA BARABARANI

Kila mmoja wenu ana dawa yake, nasi tumezisikia zote. Tuzipime moja moja.

Sabuni ya kufulia ya kipande: ikisuguliwa kwa nguvu juu ya tundu kwa nje, rejeta ikiwa baridi na kavu, huziba kwa muda. Si mbaya. Inakaa nje, haiingii katika mirija, na fundi ataiosha.

Ute wa yai, pilipili manga, unga: ni kweli yai huganda katika maji ya moto na kuziba kitundu. Lakini yai halina macho. Huziba kitundu kinachovuja, na huziba mirija mizuri pia, na mirija ya hita. Leo utafika nyumbani, na mwezi ujao gari litachemka bila kuvuja, nawe hutajua sababu. Unga na pilipili ni vivyo hivyo.

Dawa ya kuziba inayouzwa madukani: hiyo imetengenezwa kwa kazi hiyo, na kwa kitundu kidogo hufaa. Lakini ni ya mara moja, kwa kipimo kilichoandikwa. Anayeitia kila wiki anajenga ukuta ndani ya rejeta.

Kukilegeza kifuniko: injini ikiwa baridi, ukikiacha kwenye kituo cha kwanza, mkazo hautapanda na tundu halitavuja sana. Hii ni njia ya kufika gereji tu. Kumbuka tulivyosema, maji yasiyo na mkazo huchemka mapema. Basi enda polepole, bila mzigo mzito, simama mara kwa mara, na chukua maji ya kutosha.

Mrija mmoja ukitobolewa na jiwe au feni: ondoa yale mabati membamba pale mahali, kata mrija ule, kisha kunja ncha zote mbili na kuzibana sana kwa koleo. Rejeta itakosa mrija mmoja, haitakufa. Ikikosa mingi, haiwezi tena kazi yake.

KAZI YA FUNDI

Dawa ya kweli ni kuitoa rejeta na kuitia lehemu. Mwaga maji ndani ya chombo, usiyamwage mferejini wala chini. Ikiwa yana kulanti, yana sumu, na sumu hiyo ina ladha tamu. Mtoto au mbwa akiinywa aweza kufa. Usiiweke kamwe katika chupa ya soda.

Ziba matundu makubwa ya rejeta, izamishe katika pipa la maji, utie hewa. Mapovu yatakuonyesha. Lakini hewa isipite ile namba ya kifuniko. Kompresa ya magurudumu hutoa zaidi ya ratili 100, na tumepata kuona rejeta nzima iliyokuwa na kitundu kimoja ikitoka ndani ya pipa na vitundu sita. Tia alama, ikaushe, kisha kwangua mahali pale mpaka shaba ing'ae. Lehemu haishiki uchafu, na kazi nyingi zinazorudi gereji baada ya wiki mbili zilirudi kwa sababu ya uvivu wa kukwangua. Tia asidi ya kulehemu, pasha moto kadiri inavyotakikana, na wala si zaidi. Moto ukipita kiasi, utayeyusha kiungo cha jirani. Ukisha, osha asidi yote, kwa sababu itaendelea kula shaba polepole. Zamisha tena upime.

Rejeta za siku hizi nyingi zina mirija ya alumini na matangi ya plastiki. Hizo hazikubali lehemu hii. Gundi juu ya plastiki iliyopasuka haidumu. Mwambie mwenye gari ukweli huo, anunue nyingine, kuliko kumlia pesa mara mbili.

Ndugu mafundi, sasa tuseme juu ya miili yenu. Lehemu ile ina risasi. Risasi huingia mwilini kwa moshi wa moto uliopita kiasi, kwa vumbi la kukwangua, na zaidi kwa mikono inayokwenda kinywani. Haitoki upesi. Huleta maumivu ya tumbo, kichwa, uchovu, na kupungua kwa damu. Basi fanyeni kazi mahali penye hewa. Msile wala kuvuta sigara penye kazi hiyo. Osheni mikono kwa sabuni kabla ya chakula. Na nguo za kazi zisiende nyumbani zikakunjuliwe karibu na watoto wadogo, maana risasi huwadhuru watoto kuliko sisi wakubwa. Hewa safi, maji ya kuoshea na nguo za kazi ni mambo ambayo mwajiri anapaswa kuyatoa. Asipoyatoa, leteni habari kwa mwakilishi wenu wa kazini.

Ukirudisha rejeta garini, fungua bomba la hita, jaza polepole, acha injini ifike joto lake ili hewa itoke, kisha ongeza. Tia kulanti na maji safi, nusu kwa nusu, au kama kitabu cha gari kisemavyo. Wengine husema, "Kulanti ni ya nchi za barafu." Sivyo. Huku kwetu kazi yake ni kuzuia kutu na kupandisha digrii za kuchemka. Na maji ya visima vya nchi kavu, yenye chumvi, ni adui wa rejeta. Maji ya mvua yaliyochujwa ni bora kuliko hayo.

NANI ATALIPA?

Tumalize kwa jambo lililotuleta hapa. Tutasimulia mashauri mawili, bila majina.

Mwenzetu wa kwanza alikuwa na lori la safari za Mombasa. Rejeta ilivuja. Alimwambia msimamizi mara tatu, naye alijibiwa, "Tia maji uende." Akawa anabeba madumu ya maji kama mchukuzi. Siku moja, karibu na Kibwezi, maji yalikwisha na injini ikakwama. Aliporudi alikuta barua: gharama ya injini itatoka katika mshahara wake. Tulikwenda naye ofisini. Msimamizi akasema hakuambiwa neno. Mwenzetu hakuwa na karatasi hata moja. Tulibishana siku nyingi, tukapunguza makato, lakini hatukuyaondoa yote. Alilipa kwa miezi kadhaa, na watoto wake walirudishwa shule kwa ajili ya karo. Tunasema wazi kwamba shauri lile halikutufurahisha, na sisi viongozi tulikuwa na kosa, kwa sababu hatukuwafundisha wanachama mapema.

Mwenzetu wa pili alikuwa na gari la namna ile ile na tatizo lile lile. Lakini yeye alikuwa na daftari la senti chache. Ndani yake aliandika: tarehe, namba ya gari, kilomita, "nimeongeza maji lita 6, rejeta yavuja upande wa kushoto chini, nimemwambia msimamizi saa mbili asubuhi." Kisha alipiga picha ukurasa ule kwa simu yake na kumpelekea msimamizi. Injini ilipokufa, barua ilikuja kama ile ya kwanza. Tuliliweka daftari mezani. Barua ilirudishwa siku ile ile.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika, ikiwa uharibifu ulitokana na kosa la kusudi la mfanya kazi. Tena makato yote kwa wakati mmoja yasipite theluthi mbili za mshahara. Dereva aliyeripoti uvujaji na akaamriwa aendelee hakufanya kosa la kusudi. Lakini atathibitisha kwa nini, kama hakuandika? Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini, pia ya mwaka 2007, inamtaka mfanya kazi aripoti kwa msimamizi wake hatari anayoiona. Basi ukiripoti hufanyi uchongezi wala ukaidi. Unatimiza wajibu wako.

Nasi tuseme ukweli kwa upande wetu pia. Wako madereva wasiofungua boneti toka Jumatatu hata Jumamosi. Mtu kama huyo akija kwetu, kazi ya kumtetea ni ngumu. Chama kina nguvu pale ambapo mwanachama ametimiza sehemu yake.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne. Moja, kila asubuhi, kabla ya kuwasha injini, tazama maji na utazame chini ya gari. Mbili, andika, na upate sahihi au upeleke picha. Tatu, mtu asifungue kifuniko cha moto, hata akiamriwa na nani, na ye yote aliyeungua aripoti siku ile ile ili haki yake ya fidia isipotee. Nne, mafundi waoshe mikono kabla ya kula, na wadai mahali pa kuoshea.

Katibu wa tawi ana madaftari madogo mezani. Kila dereva achukue moja kabla ya kutoka, na kesho asubuhi aandike mstari wa kwanza.

Umoja ni nguvu.